Hatua Moja Kushoto

Siku niliyoingia dukani kwake kutafuta kazi, mpiga picha alikuwa amemkaba bwana harusi. Kijana wa watu kavaa joho jeusi, jambia kiunoni, kilemba kimemteremkia usoni, na mpiga picha amembana ukutani akimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta uradi: "Nimekwambia kidevu. Kidevu. Mara tatu nimekwambia kidevu." Mjomba wa bwana harusi ndiye aliyekuwa akipiga kelele. Mimi nikasimama mlangoni, nikapiga hodi, maana sikujua mtu afanye nini jingine.

"Karibu," akasema mpiga picha, bila ya kumwachia.

Picha ile niliiona wiki iliyofuata, ikikauka kambani. Bwana harusi kakaa wima. Ncha ya jambia, kifungo cha joho, pua yake na mshale wa saa ya ukutani nyuma yake vimesimama katika mstari mmoja, kama vilivyotungwa uzi. Ilisifiwa mji mzima. Chini ya kola, ukitazama kwa kioo cha kukuzia, zilikuwepo alama za vidole vinne.

Nilifanya kazi kwake miaka sita, katika ile miaka ya hamsini, duka likiwa kwenye kichochoro cha Mkunazini ambacho jua hukipitia saa moja tu kwa siku. Alinichukua kwa sababu wanawake walikuwa wamechoka kushikwa videvu na mwanamume. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimeachwa, sina mtoto, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Asubuhi niliwapanga wanawake nyuma ya pazia, nikawanyoosha mikunjo ya kanga. Mchana nilikaa dirishani na brashi ya nywele tatu, nikatia rangi picha zao: midomo, dhahabu ya masikioni, maua ya nguo. Penye kovu nililifuta kwa penseli.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe aliyemkimbia alikuwa akisema sokoni, mbele za watu, "Mie sikuolewa na mtu, nliolewa na mpiga picha." Na watu wa mtaani walikuwa na msemo wao: yule bwana hupiga viwili, picha na watu.

Ilikuwa kweli. Alimsukuma hamali akaanguka ngazi nne kwa sababu alitua gunia la karafuu mbele ya lenzi. Alimzaba kofi karani wa serikali aliyecheka wakati wa kupigwa picha. Kuna siku alimkuta mtu anamchapa punda wake kwa mjeledi pale Mnazi Mmoja. Akamnyang'anya mjeledi, akamchapa nao mwenye punda, halafu akampiga picha punda. Naye alipigwa pia, msidhani alikuwa akishinda kila siku. Nilimwona akirudi na jino lake ndani ya leso. Nilimwona akichechemea mwezi mzima kwa sababu alipanda ukuta wa shamba la watu kule Tunguu kukata kuti moja lililokuwa likimharibia mstari, na mwenye shamba akatoka na rungu. Aliniambia alipigana na yule bwana kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika kamera juu, isiguswe.

Lakini hakuna aliyempiga kuliko alivyojipiga mwenyewe. Picha ikikosa kwa unywele, alikivunja kwenye goti kile kioo kilichoibeba. Magoti yake yalikuwa na makovu kama ya mtu aliyetambaa juu ya chupa.

Alichokuwa akikitafuta hakikuwa na jina. Yeye alisema tu, "Vimekutana," au, "Havijakutana." Maana yake ni hivi. Ukisimama mahali, vitu viwili vilivyo mbali na mbali huonekana vimeshikana. Dele la muuza kahawa liko mbele yako, mnara wa saa wa Beit-el-Ajaib uko kule nyuma. Ukipiga magoti pale pale panapotakiwa, mnara huonekana unachomoza katika mdomo wa dele kama mvuke. Aliipiga picha hiyo. Kule Maruhubi, kwenye magofu, alipata mahali ambapo safu nzima ya nguzo hujificha nyuma ya nguzo moja, na jumba la kifalme likabaki gogo moja lililosimama peke yake. Alipiga vigingi vya wando, ule uzio wa kutegea samaki, vikikutana na ukingo wa mbingu. Alipiga chanuo langu, nililolisahau dirishani, meno yake yameingia sawasawa katikati ya nondo za nyumba ya jirani. Picha za watu zilimpa chakula. Hizi hakumuuzia mtu.

Asubuhi moja ya Ijumaa alinipandisha juu ya dari la nyumba ya jamaa yake, akaniweka kamera mikononi, ile ndogo ya kushika mkononi.

"Tazama minara."

Nikatazama. Mnara wa msikiti ulikuwa karibu, mnara wa kanisa nyuma yake, umeegemea kulia.

"Naiona, Mzee."

"Huioni. Ikutanishe."

"Nitaikutanisha vipi? Minara haisogei."

"Vitu havisogei, binti. Sogea wewe!" Akanishika bega, akanisukuma kwa nguvu hata nikadhani nitatoka nje ya dari. "Kushoto. Kidogo. Umepita! Rudi. Hapo! Usipumue."

Nikaona. Mnara wa kanisa ulikuwa umeingia nyuma ya mnara wa msikiti, ukapotea, ikawa miwili ni mmoja. Kitu kikanipita mwilini, sijui nikielezeje, kama mtu aliyesikia ufunguo ukizunguka ndani ya kitasa. Nikabonyeza. Nilipogeuka alikuwa akinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake wala sikuiona tena.

Wiki ile ile alinipiga. Nilikuwa nimetia rangi midomo ya bibi mmoja, wekundu ukatoka nje ya mstari, kiasi cha punje ya ufuta. Akachukua rula, akanichapa nayo vidole, mara mbili. Sikufikiri. Nilichukua chupa ya dawa ya kusafishia picha, nikamrushia. Ikampata usoni, ikapasuka. Damu ikamtiririka juu ya pua mpaka kidevuni. Nikajua leo ndiyo siku yangu ya kufa, nikashika mkasi.

Yeye akaenda kwenye kioo. Akajitazama. Jeraha lilikuwa limesimama baina ya nyusi mbili, katikati kabisa.

"Umenipasua katikati," akasema. Akaligusa kwa kidole. "Ungekusudia usingeweza."

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Siku ya pili akaleta halua, akaiweka mezani bila ya neno. Hakunigusa tena.

Na mtu huyo huyo, nilimwona siku nzima kakaa chini ya miguu ya bi kizee kutoka Tumbatu ambaye maradhi yalimfanya atikisike kichwa. Wanawe walitaka picha yake kabla hajafa. Mpiga picha alimmenyea chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja, akamhadithia mambo ya kipuuzi, mpaka alasiri, mpaka ikatokea nukta moja ambayo kichwa kilitulia. Aliipata. Wale wanawe walipotaka kumkaripia mama yao kwa kuchelewa, aliwatazama tu, wakanyamaza.

Rafiki alikuwa naye mmoja, dalali wa samaki pale Darajani. Mtu mkubwa, kichwa kama chungu cha pilau, sauti yake ikinadi jodari unaisikia toka Mchangani. Ndiye peke yake aliyeweza kumcheka mpiga picha usoni. Waliwahi kupigana juu ya bao la kete. Mmoja akavunjika jino, mwingine ubavu, na wakaenda kwa mganga wa viungo pamoja, wakirudi wanashikana mikono. Kila asubuhi walikunywa kahawa pamoja kabla mnada haujaanza.

Zama hizo siasa zilikuwa zimeshaingia mpaka ndani ya vikombe vya kahawa. Huyu hanunui kwa yule, yule hamzikii huyu. Watu waliooana waliachana. Pale sokoni wavuvi wa upande mmoja walisema dalali anawapendelea wa upande wa pili, anawatangulizia samaki wao mezani. Siku nyingi yalikuwa matusi tu.

Asubuhi hiyo mpiga picha alikuwa juu, kwenye roshani ya nyumba inayoelekea soko, na ile kamera ya mkononi. Alikuwa akingoja kivuli cha paa la soko kikutane na safu ya meza. Chini yake ugomvi ukaanza. Mtu kamwaga pakacha la mtu, mtu kamshika mtu ukosi. Mara makasia, magongo, visu vya samaki, mashoka ya kupasulia papa. Ulikuwa ugomvi mfupi sana, waliokuwepo wanasema hata maji ya kahawa hayakuwahi kuchemka. Watu walipotawanyika, dalali alikuwa kalala kifudifudi baina ya meza mbili, kisogo kimepasuliwa kwa chuma, na amekwisha kufa.

Mpiga picha alikuja dukani mbio, akajifungia chumba cha giza. Nilimsikia akilia kule ndani, kilio cha kukoroma, kama mtu anayekabwa. Alipotoka alikuwa na picha mbichi mkononi, inadondoka maji.

Kila aliyeitazama aliona kitu kimoja. Katikati ya watu, muuza madafu wa pale sokoni kanyanyua panga, na panga linashukia kisogo cha dalali. Makali yamegusa kofia. Huhitaji kuambiwa kitu.

"Nimempata," akasema mpiga picha. "Nimempata mbwa yule." Akaenda nayo moja kwa moja, shati limemlowa dawa na machozi, kwa inspekta wa polisi, Mwingereza.

Muuza madafu alikamatwa kwake kabla ya adhuhuri. Mtu mwembamba, mpole, hata sisi tulishangaa. Akasema panga alilinyanyua kujikinga, mtu alikuwa akimjia na gongo, na dalali hakuwa karibu naye. Nani angemsikiliza? Picha ilikuwepo. Watu walianza kuzungumza habari ya kitanzi.

Mke wa muuza madafu alikuwa mwanamke wa Makunduchi, mjamzito wa miezi minane. Alikuja dukani siku ya nne. Hakupiga hodi. Alimrukia mpiga picha na kumwuma mkono, na sikuweza kumbandua. Alishika kama kaa. Yule bwana, aliyewapiga watu kwa ajili ya kidevu, alisimama tu akaacha aumwe, damu inamchuruzika kwenye kiwiko.

"Mume wangu hajaua!" akasema alipoachia, mdomo wake mwekundu. "Wewe umeona nini? Sema mbele ya Mungu, jicho lako limeona nini?"

"Kamera imeona," akajibu.

"Sikukuuliza kamera."

Akaondoka. Mpiga picha akaingia chumba cha giza, akafunga mlango.

Ndipo mimi nikachukua nakala iliyobaki dukani, nikakaa nayo dirishani na kioo changu cha kukuzia. Kazi yangu ilikuwa nyuso na mikono. Miaka minne mizima nilikuwa nikipaka rangi nyuso na mikono. Nikautazama mkono ulioshika panga. Nikakitazama kichwa cha dalali. Nikatazama tena.

Mkono wa muuza madafu ulikuwa mkubwa kuliko kichwa cha dalali. Kichwa kile cha chungu cha pilau. Mkono wa mtu mwembamba, ngumi yake inakifunika chote.

Nikagonga mlango wa chumba cha giza. "Mzee, njoo utazame."

"Niache."

"Huyu mtu yuko mbele. Yuko mbele sana, na dalali yuko kule nyuma. Miguu yao haionekani, imefichwa na mapakacha, ndiyo maana watu hawajui. Vimekutana tu, Mzee. Vimekutana!"

Mlango ukafunguliwa. Nilitegemea atanipiga. Alikamata meza yangu akaipindua, na rangi zangu zote, na vikombe, akachukua kiti akakivunja ukutani, na mguu wa kiti akavunjia fremu moja baada ya moja, mabibi harusi na makadhi na watoto wa watu, mpaka sakafu yote ikawa vioo. Halafu akakaa juu ya vioo vile.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa namwona. Dalali nilikuwa namwona kwenye kamera, na panga la yule nikaliona, limenyanyuka, lakini liko pembeni, halijakutana. Kiasi hiki." Akaonesha kwa vidole viwili. "Na nyuma ya dalali kulikuwa na mtu anakuja. Nimemwona bega tu, na kitu mkononi. Ningeita. Jina la rafiki yangu ningeliita mara moja tu, angegeuka. Binti, mimi nikasogea hatua moja kushoto. Vikakutana, nikabonyeza. Nilipoitoa kamera usoni kashaanguka."

Nikainama nikaanza kuokota vioo.

"Nikajiambia, kama picha ni kweli, basi mimi ni shahidi. Kama si kweli, mimi ni nani?"

Alasiri ile ile alikwenda kwa inspekta. Alirudi kabla ya Magharibi. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa Kiswahili chake cha barazani kwamba anaelewa, mpiga picha amekwisha kutishwa na watu wa upande ule, na kwamba yeye inspekta hana ugonjwa wa macho. Asiyependa picha yake ni juu yake, serikali inaipenda.

"Basi nitaipiga tena," akasema mpiga picha.

Alimtafuta kaka wa muuza madafu, mtu wa kimo kile kile. Akapima kwa hatua. Yeye mwenyewe angesimama pale alipokuwa dalali, baina ya meza mbili. Yule kaka angesimama hatua kumi na tano mbele, karibu na roshani, anyanyue panga. Mimi ningekuwa juu na kamera. Tulikwenda saa ile ile ya asubuhi, kwa ajili ya jua.

"Kwa nini usipige wewe, na mimi nisimame chini?" nikamwuliza.

"Mwanamke asimame chini ya panga Darajani? Tena," akasema, "pale ni pahali pangu."

Nikapanda. Nikaweka jicho. Nikamwona yeye mdogo kule mbali, kofia nyeupe, katupa kisogo, mikono kaiacha ikining'inia. Nikamwona kaka wa muuza madafu chini yangu, mkubwa, analinyanyua panga. Havijakutana. Nikasogea.

Hatukuwa tumefikiri jinsi jambo lile litakavyoonekana na mtu aliye chini. Watu wa upande wa dalali waliona ndugu wa muuaji anasimama sokoni na panga juu. Watu wa upande wa muuza madafu waliona yule aliyemtia ndugu yao kwenye kitanzi, amerudi na kamera yake. Kila upande ulikuwa na sababu. Nikasikia mtu anasema, "Huyo!" na wengine wakaitikia.

Niliwaona. Hili sikulisema mahakamani, wala hakuna aliyeniuliza. Niliwaona ndani ya kamera wakitoka nyuma ya meza, watu wanne watano, na magongo, wanamwendea kwa nyuma. Panga lilikuwa pembeni ya kofia yake, kiasi cha vidole viwili. Ningeita. Nilikuwa na sauti. Nikasogea hatua moja kushoto, likaingia kwenye kofia, nikabonyeza, kisha ndipo nikapiga ukelele.

Wa kwanza alimpiga gongo la bega, wa pili la uso. Alipoanguka wakamzunguka, nikawa simwoni, naona magongo tu yanapanda na kushuka. Kaka wa muuza madafu alilitupa panga akakimbilia kule kumwokoa, naye akavunjwa mkono. Mimi niliteremka ngazi na kamera nimeibana ndani ya buibui. Kuna mwanamume alinishika, nikampiga nayo meno. Nilipofika, askari walikuwa washafika, na mpiga picha alikuwa kakaa baina ya meza mbili, amejishika upande wa kulia wa uso, na chini ya vidole vyake jicho lilikuwa halipo tena pahali pake.

"Umepata?" akaniuliza.

"Nimepata."

"Vimekutana?"

"Vimekutana, Mzee."

Akazimia.

Picha mbili zile ziliwekwa mbele ya jaji pamoja. Ya kwanza, muuza madafu anamkata dalali. Ya pili, kaka yake anamkata mpiga picha, panga limezama kwenye kofia yake, naye mwenye kofia kasimama kizimbani yuko hai, bandeji jichoni, kisogo chake hakina hata mchubuko. Nilieleza nilikosimama. Mpiga picha akaeleza alikosimama siku ile, na akasema yote, hatua moja kushoto na jina ambalo hakuliita. Alisema kwa sauti ileile aliyomwambia bwana harusi habari ya kidevu. Dada wa dalali alikuwa amekaa nyuma. Alivua kiatu akamrushia, kikampiga mgongoni, na hakugeuka.

Muuza madafu aliachiwa. Alikuwa amekaa rumande miezi mitano, na mtoto aliyezaliwa katika miezi hiyo alizikwa katika miezi hiyo hiyo. Aliyemuua dalali hakujulikana.

Tuliendelea na duka kwa muda, yeye na jicho moja, lakini wateja walipungua, na yeye aliacha kupiga watu, picha na vinginevyo. Mwisho akafunga akahamia Chwaka kwa dada yake. Mimi nikaolewa na fundi cherehani wa Kikwajuni, mtu mzuri, nikawa namkatia nguo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, karibu miaka miwili baadaye. Nilipanda gari la shamba asubuhi, nikashuka Chwaka, nikaelekezwa pwani. Maji yalikuwa yametoka. Alikuwa kachutama kwenye mwamba, kikoi kakifunga juu ya yale magoti yake, anampiga pweza kwa fimbo ili alainike. Anapiga kwa nguvu zake zote, mapigo ya sawasawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakusimamisha fimbo. "Nani?"

Nilipojitaja akacheka, meno machache. Jicho lililobaki lilikuwa limeingia ukungu. Tukaulizana hali, mume, dada, mji. Akaniambia muuza madafu alikuja kumwona.

"Alikuja? Kusema nini?"

"Nlimwomba radhi mara tatu kwa kutuma watu, hakujibu. Halafu kaja mwenyewe, kwa miguu. Kasimama pale uliposimama. Kanambia, 'Mimi nshakusamehe. Lakini mikono yangu bado, kwa hivyo usije mjini.' Basi siji mjini."

Nikakaa kwenye mwamba. Nilikuwa nimesafiri na neno langu, na sikutaka kurudi nalo.

"Mzee, mimi siku ile niliwaona. Wale wenye magongo. Niliwaona kabla, nikapiga picha kwanza. Jicho lako liko juu yangu."

Akapiga pweza mara mbili tatu.

"Nilijua. Wamo ndani ya picha, binti. Wamo pembeni, wanakimbia. Jaji hakuwatazama, lakini mimi nimewatazama sana." Akamgeuza pweza upande wa pili. "La jicho nshakusamehe. Ungeita kwanza, mtu wa watu angenyongwa. Wewe ulikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba wakati ule, pale juu, sikumfikiria muuza madafu hata kidogo. Nilifikiria vidole viwili tu. Sikuweza. Nilisema, "Na dalali? Yeye ulimwomba radhi kwa nani?"

Fimbo ikasimama.

"Nilikwenda kaburini kwake," akasema. "Nikamwita. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, mpaka watu wakatoka nyumbani mwao kutazama. Si kitu. Jina lilikuwa la kuitwa siku ile."

Akakaa akinitazama, au akitazama pale nilipo.

"Nakwenda kufa, mwanangu, si mbali. Watu huniuliza kama namwogopa Mungu. Namwogopa, kwani mimi nani? Lakini Mola ni mwingi wa rehema, kasema mwenyewe. Mimi namwogopa dalali."

Akainyanyua fimbo, akaendelea kumpiga pweza.